Maswali ya Wasomaji: Nikipiga Magoti Sina Neno

Barua za safari hii zimetoka kwa watu wasiofahamiana, lakini kilio chao ni kimoja: moyo umekauka, na mwenyewe hajui aanzie wapi. Tumechagua sita. Kabla hatujazijibu tunaomba msomaji aushike mstari mmoja, Matendo 3:19. Hapo Petro anawaambia watu wa Yerusalemu watubu na kurejea, “zipate kuja nyakati za kuburudishwa kwa kuwako kwake Bwana”. Anayeburudisha ni Bwana mwenyewe, kwa kuwapo kwake. Kazi yetu sisi ni kurejea, tena kurejea tukiwa vile tulivyo, bila kujipamba.

*Bwana Yesu asifiwe. Nimeokoka mwaka wa kumi na mbili sasa. Naimba kwaya, nafundisha watoto Jumapili, na ibada ya nyumba kwa nyumba ya Jumatano naisimamia mimi. Mbele ya watu naomba hadi watu wanalia. Nikiwa peke yangu nikapiga magoti, sina neno. Biblia naisoma kama gazeti la jana. Je, Roho Mtakatifu ameniacha? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)*

Amina, mama. Hajakuacha. Kiu inayokusumbua ni kazi yake ndani yako. Aliyekufa haoni kiu.

Kuna mambo matatu ya kuchunguza, na tunakusihi uyafuate kwa mpangilio huu. La kwanza ni mwili, ambao watu wa kanisani huuruka. Soma 1 Wafalme 18, kisha 19. Eliya ameona moto ukishuka Karmeli, na sura inayofuata yuko chini ya mti wa mretemu akiomba afe: “Yatosha, sasa, Ee BWANA, uiondoe roho yangu.” Malaika hakumhubiria. Alimwambia, “Inuka, ule.” Akala mkate uliookwa juu ya makaa, akanywa maji, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, huko Horebu, baada ya safari ya siku arobaini. Sasa jihesabie: watoto watatu, mazoezi ya kwaya, masomo ya Jumapili, ibada ya Jumatano. Unalala muda gani? Kama hupati hata saa sita za usingizi, tumia wiki mbili kujilazimisha kupata saba, hata kama vyombo vitalala bila kuoshwa, na kwa siku hizo usijipe hukumu yoyote ya kiroho.

Hapa tuongeze jambo zito. Ikiwa huzuni imezidi wiki mbili, usingizi umekimbia hata ukiwa na nafasi ya kulala, chakula hakina ladha, unalia bila sababu au unawaza kufa, nenda hospitali na uwaeleze hivyo hivyo. Hali hiyo huitwa sonona, nayo ni ugonjwa. Dawa na maombi havigombani, na aliyemtumia Eliya mkate anaweza kukutumia daktari.

La pili, huduma imekula chumba chako cha siri. Unaisoma Biblia ukitafuta la kuwafundisha wengine, na Neno linapita kwako kama maji kwenye bomba: limewafikia wao, wewe umebaki mkavu. Kwa siku thelathini, katika muda wako na Mungu, usisome sehemu yoyote utakayoifundisha. Somo la watoto liandae saa nyingine. Na katika hizo huduma tatu, omba likizo ya miezi mitatu kwa moja. Yesu aliwaambia wanafunzi waliokuwa wakifanya kazi njema kabisa, “Njoni ninyi peke yenu kwa faragha, mahali pasipokuwa na watu, mkapumzike kidogo” (Marko 6:31). Hiyo nayo ni amri ya Bwana.

La tatu ni dhambi au ugomvi uliofunikwa. Tumelijibu kwenye barua ya tano. Lisome kama linakuhusu.

Utaratibu wenyewe ni dakika ishirini, si zaidi, kwa mwezi wa kwanza. Simu iache chumba kingine, tumia Biblia ya karatasi na daftari dogo. Dakika mbili za mwanzo keti tu, useme, “Bwana, niko hapa,” bila ombi lolote. Dakika nane, soma zaburi moja mara tatu, na mojawapo kwa sauti. Dakika saba, andika mstari mmoja uliokugusa, hata kama umekukera, halafu umrudishie Mungu kwa maneno yako mwenyewe. Dakika tatu za mwisho, nyamaza.

Zaburi ya kusoma utaipata kwa tarehe. Chukua tarehe ya leo, uongeze thelathini, na thelathini tena, hadi upate tano. Tarehe 13 ni Zaburi ya 13, 43, 73, 103 na 133. Zipitie zote tano kwa macho, uchague moja. Angalia tarehe hiyo moja ilivyobeba: ya 13 inauliza “hata lini utanisahau”, ya 73 ni ya mtu aliyewaonea wivu waovu wanaofanikiwa, ya 103 inaiambia nafsi imhimidi Bwana, na ya 133 ni ya ndugu wanaokaa pamoja kwa umoja. Hutakosa ya hali yako. Zaburi ya 119 inaangukia tarehe 29, na kwa kuwa ina mistari 176, iwekee tarehe 31.

Wengi huharibikiwa kwa sababu mbili. Wanaanza na saa nzima, siku ya nne wanachoka, ya tano wanaona haya kurudi. Au wakikosa siku moja wanataka kuilipa kesho yake, na deni linakuwa mlima. Ukikosa, fungua zaburi za tarehe ya leo uendelee. Mawazo yakitangatanga kwenye unga na ada ya shule, andika “unga, ada” pembeni ya daftari, urudi. Na siku ambayo huna neno hata moja, soma Zaburi ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani. Mungu aliiruhusu ikae katika Maandiko, kwa hiyo anapokea hata maombi yasiyofika kwenye “haleluya”.

*Mimi ni mlinzi wa usiku hapa Nakuru. Naingia kazini saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Tumefundishwa kwamba asiyeamka saa kumi alfajiri kuomba hawezi kukua kiroho. Saa kumi mimi niko getini. (Ndugu, Nakuru)*

Ndugu, hakuna andiko linaloamuru saa kumi. Marko 1:35 inaeleza kwamba Yesu alitoka alfajiri na mapema kuomba. Luka 6:12 inasema alikesha usiku kucha. Na mahali pengine aliomba mchana mbele ya umati. Tena wewe una zaburi zako. Ya 130 inasema nafsi inamngoja Bwana “kuliko walinzi waingojavyo asubuhi”, na maneno hayo inayarudia mara mbili. Unajua saa tisa ya usiku ilivyo ndefu kuliko mhubiri yeyote anayeueleza mstari huo. Ya 134 inawaita watumishi wanaosimama usiku katika nyumba ya Bwana wamhimidi.

Zaburi ya 130 ina mistari minane. Jifunze mmoja kila zamu, useme kila unapozunguka uzio, na baada ya zamu nane utakuwa nayo yote kichwani. Omba macho yakiwa wazi na masikio yakiwa huru. Usivae spika za masikioni kusikiliza mahubiri, kwa maana unalipwa usikie mlango ukiguswa, na uaminifu wa kazi nao ni ibada (Wakolosai 3:23). Ukifika nyumbani asubuhi, usifungue Biblia kwanza. Baada ya saa kumi na mbili za kusimama utasinzia juu yake na kuamka ukijilaumu. Oga, lala, kisha dakika kumi na tano baada ya kuamka mchana, kabla simu haijaanza kuita, ndizo alfajiri yako.

*Kila kesha la Ijumaa nawaka moto. Jumatatu nimepoa kabisa, kana kwamba sikuwepo. Shida ni nini? (Kijana wa miaka 21, Mwanza)*

Sehemu kubwa ya hicho unachokiita moto ni kinanda, sauti za watu na usiku. Hatusemi Mungu hakuwepo. Tunasema kwamba hisia hutoka pamoja na vyombo vya muziki, na Mungu hubaki. Usipime kuwapo kwake kwa joto la kifua. Lala Jumamosi mchana, kwa sababu kupoa kwa Jumatatu mara nyingi ni deni la usingizi. Halafu, kabla ya kuondoka kesheni alfajiri, andika jambo moja ulilomwahidi Mungu, dogo na lenye siku: “Jumanne namtembelea bibi.” Jumanne jioni jiulize kama umekwenda. Moto wa kuni nao hupungua mwali, likabaki kaa, na kaa ndilo linaloivisha maharage.

*Kanisa limetangaza mfungo wa siku saba, maji tu. Nina kisukari, natumia glibenclamide. Nikiuliza naambiwa “imani yako iko wapi”. (Mzee wa kanisa, Dodoma)*

Mzee wetu, usiufunge mfungo huo. Glibenclamide, kama ilivyo insulini, hushusha sukari hata usipokula chochote, na sukari ikishuka sana mtu hupoteza fahamu na anaweza kufa. Kupunguza au kuacha dawa mwenyewe ili ufunge ni hatari ya upande wa pili. Siku yoyote ukitetemeka, ukatoka jasho la ghafla, moyo ukaenda mbio au ukachanganyikiwa, koroga vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji na unywe papo hapo, pima tena baada ya dakika kumi na tano, kisha ule chakula. Watu wa nyumbani walijue hili pia.

Wengine wasiopaswa kufunga chakula bila kuongea na daktari ni wajawazito, wanaonyonyesha, wenye vidonda vya tumbo na ugonjwa wa figo, na wanaotumia dawa zinazotakiwa kumezwa pamoja na chakula.

Wewe unao mlango uliofunguliwa na Danieli. Katika Danieli 10:3 hakuacha kula; aliacha chakula kitamu, nyama na divai kwa majuma matatu. Kula milo yako kwa saa zake zote, dawa kwa saa zake, na uondoe nyama pamoja na taarifa ya habari ya jioni. Muda wa taarifa ya habari uwe wa maombi. Na fedha ya nyama ifanyie Isaya 58:7, mpe mwenye njaa. Mfungo usiomfikia mwenye njaa ulikemewa kwenye sura hiyo hiyo, hata kama waliofunga walikuwa na afya tele.

Kwa wazima watakaofunga: wanywaji wa chai na kahawa wapunguze siku tatu kabla, maana maumivu ya kichwa ya siku ya kwanza mara nyingi ni ya kukosa kafeini. Kunywa maji mara kwa mara, usingoje kiu. Kufungua, anza na uji mwepesi, kikombe kimoja, ukae saa moja. Anayefungua kwa ugali na nyama choma ataugua tumbo na kuusingizia mfungo.

*Katika ushirika wetu tunaambiwa kila mtu akiri dhambi zake mbele ya wote ndipo Roho ashuke. Mimi ni mweka hazina wa kikundi cha vijana. Mwaka jana nilitumia shilingi 40,000 za kikundi na hakuna anayejua. Tangu siku hiyo siombi vizuri. Nikiri wapi? (Jina limehifadhiwa, Bukoba)*

Ndugu, swali lako linagusa historia ya mkoa wako. Mwaka 1929, Namirembe, Kampala, daktari mmishenari Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini nchini Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda. Wote wawili walikuwa wamechoka rohoni. Wakaketi na Biblia, wakaomba pamoja. Katika miaka ya 1930 Uamsho wa Afrika Mashariki ulienea kutoka Gahini hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, ukipitia Bukoba. Neno lao kuu lilikuwa kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7: tukienenda nuruni, “twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote”. Watu walitaja dhambi kwa jina lake. Walirudisha vitu walivyoiba. Mwafrika na mmishenari waliombana msamaha, jambo lililokuwa gumu sana enzi zile za ukoloni. Wala si kila mtu aliupokea. Makanisa mengine yaligawanyika juu yake.

Kwa hiyo ushirika wenu una mizizi mizuri. Penye kasoro ni kufanya ungamo kuwa bei ya kumnunua Roho. Aliyeanza kukuchoma moyo mwaka jana ni nani, kama si Yeye? Hangoji dhambi zikusanywe mezani ndipo ashuke.

Kipimo cha kuungama ni hiki: eneo la ungamo lilingane na eneo la dhambi. Dhambi ya mawazo, mwambie Mungu, na ikiwa inakurudia, mweleze Mkristo mmoja mkomavu asiyetoboa siri (Yakobo 5:16). Uliyemkosea mtu, nenda kwake (Mathayo 5:23-24). Uliyekosea kundi, waambie kundi. Usivuke mpaka huo. Wapo waliosimama kukiri uzinzi na kumtaja mwenzao mbele ya mkutano, na ndoa mbili zikavunjika asubuhi moja. Siri ya mwenzako si yako kuitoa.

Dhambi yako ni ya kikundi, basi wenye haki ya kusikia ni kikundi. Ushirika mzima hauhusiki. Nenda kwanza kwa mwenyekiti ukiwa na fedha mkononi, au na tarehe ambayo hakika utakuwa nazo. Sema kwa ufupi: “Mwaka jana nilichukua shilingi 40,000 za kikundi, nikazitumia kwa mambo yangu. Nilikosa. Hizi hapa.” Usiseme “kuna hesabu hazikukaa sawa”, wala usianze na shida zilizokusukuma, maelezo yakitangulia, toba hugeuka utetezi. Sheria ya Musa, Walawi 6:5, ilimtaka aliyedhulumu arudishe yote na kuongeza sehemu ya tano. Kwako ni 8,000, jumla 48,000. Sheria hiyo haikufungi leo, na Zakayo alijitolea kulipa mara nne bila kushurutishwa na mtu, lakini hiyo sehemu ya tano inasaidia: inaiambia nafsi yako kwamba haukuwa mkopo. Kisha omba mwenyewe kuvuliwa uhazina, kwa mwaka mmoja hivi. Ukibaki na kisanduku cha fedha unajitega.

Yanayoweza kufuata ni aibu, na pengine maneno ya mtaani. Usitafsiri aibu hiyo kuwa hasira ya Mungu. Jioni hiyo rudi magotini na 1 Yohana 1:9: Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu. Usiziungame tena kesho kana kwamba hakusikia.

*Nafanya kazi za nyumbani Muscat, natokea Kilifi. Sina siku ya kupumzika. Huu ni mwezi wa tisa sijakanyaga kanisani na najihisi mbali na Mungu. (Dada, Oman)*

Dada yetu, pole sana. “Tuuimbeje wimbo wa BWANA katika nchi ya ugeni?” ni Zaburi ya 137, na waliouliza hivyo nao walikuwa mbali na kwao bila kupenda. Danieli, katika nchi hiyo hiyo ya ugeni, alipiga magoti mara tatu kila siku chumbani kwake. Wewe huenda huna hata chumba, kwa hiyo tumia kazi zenyewe.

Igawe Sala ya Bwana katika siku yako. Ukifungua mapazia asubuhi: “Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe.” Ukiwavalisha watoto: “Ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe.” Ukiwasha jiko: “Utupe leo riziki yetu.” Ukiosha vyombo: “Utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu,” na hapo mtaje kwa jina anayekuumiza. Ukifunga mlango usiku: “Usitutie majaribuni, lakini utuokoe na yule mwovu.” Kimoyomoyo yatosha. Wiki ya kwanza utasahau vipande viwili vitatu. Pazia likikukumbusha saa sita mchana, sema hapo hapo.

Pili, mtafute mtu mmoja wa kwenu anayekujua kwa jina, mpange siku moja kwa wiki. Saa nne usiku Muscat ni saa tatu usiku Kilifi. Dakika kumi: akusomee zaburi, muombeane, basi. Zitakusaidia kuliko video za mahubiri ya saa mbili zinazokula bando na usingizi wako.

Tatu, kusamehe hakukuzuii kutafuta haki. Ukipigwa, ukinyimwa mshahara au ukizuiwa kutoka, Kenya ina ubalozi hapo hapo Muscat. Hifadhi namba yake ya simu mahali ambapo mwenye nyumba hataiona.

Makanisa yapo Muscat, yako Ruwi na Ghala, na ibada nyingi huwa Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko ya huko. Ikiwa ni salama kwako, omba saa tatu za Ijumaa moja kwa mwezi, na uombe siku ambayo nyumba imetulia, si wakati wa wageni. Ukiruhusiwa, nenda. Kama machozi yatakuja, keti safu ya nyuma ulie. Na kama Meza ya Bwana imeandaliwa, sogea uipokee.